Boila imekufa, niweke ya kilowati ngapi?

Baridi imeingia na barua zenu nazo zimeingia, na mwezi huu karibu zote ni boila, boila, boila, ile mashine ya gesi inayopasha nyumba na maji. Wengi mnaoandika mko huku Uingereza kwenye nyumba zilizojengwa kabla hatujazaliwa, mabomba ya shaba yanapita chini ya sakafu na hakuna anayejua yanaelekea wapi. Mimi kazi yangu ni gesi na mabomba, kwahiyo najibu kama fundi. Barua zingine nimezifupisha kidogo, mniwie radhi.

"Familia kubwa, boila kubwa?"

*Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Leicester, nyumba ya vyumba vitatu imeshikana na jirani upande mmoja, bafu moja juu na choo kimoja chini. Mama mkwe yuko nasi kwahiyo tuko saba. Boila yetu ni kombi, iliwekwa 2007, wiki iliyopita imezima moja kwa moja na fundi kasema kipuri chake hakipatikani tena. Nikaita wawili watoe bei. Wa kwanza kasema kilowati 30, pauni 2,600 pamoja na kazi. Wa pili kasema watu saba lazima kilowati 40, pauni 3,700, mkiweka ndogo mtajuta. Mume wangu anataka kubwa tusije kulaumiana. Leo siku ya tano tunaoga maji ya birika.*

Marahaba mwanangu, na pole sana, siku tano bila maji moto na watoto wanne na bibi ndani sio jambo dogo. Kwanza kabisa kama kuna mtu wa kukuazima kihita cha umeme kiweke chumbani kwa bibi, wazee ndo wanaumizwa na baridi kimyakimya na hawasemi.

Sasa tuje kwenye kilowati. Kitu ambacho huyo fundi wa pili hakukuambia ni kwamba kwenye kombi ile namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi sio ya kupasha nyumba, ni ya maji ya bomba. Kombi haina tangi, haiweki maji moto popote, ukifungua bomba ndo inawaka na kuyapasha maji yakiwa mbioni, ni kama ile shawa ya umeme tunayofunga Dar au Nairobi pale juu ya kichwa, ila hii inatumia gesi na nguvu yake ni mara nyingi zaidi. Maji ya mwezi wa kwanza huku yanaingia ndani yakiwa nyuzi 5 hivi, wewe unataka kuoga nyuzi 40, yani boila iyapandishe nyuzi 35. Kwa kazi hiyo kilowati 24 zinakupa karibu lita 10 kwa dakika, 30 zinakupa lita 12 na kidogo, 35 zinakupa 14, na 40 zinakupa 16. Ni hesabu ya fizikia tu hiyo, jina la kampuni halibadilishi kitu. Na shawa ya kawaida inakula lita 8 mpaka 12.

Kwahiyo kabla hujasaini karatasi ya mtu yeyote, nenda jikoni na ndoo ya lita 20, bomba la maji baridi, fungua mpaka mwisho, weka simu ihesabu sekunde 60, funga, pima yale maji kwa jagi. Fanya saa moja asubuhi wakati mtaa mzima unaoga maana hapo ndo utaona ukweli. Tuseme umepata lita 11. Basi hata ukifunga boila ya kilowati 40 utapata lita 11 zilezile, boila haiwezi kutengeneza maji ambayo bomba la mtaani halijakuletea. Utakuwa umelipa pauni 1,100 zaidi kwa ajili ya namba iliyoko kwenye boksi. Na hata kama ndoo imejaa vizuri, nyinyi mna bafu moja, watu saba ndio lakini mnaingia kwa zamu, na uzuri wa kombi ni kwamba wa saba anapata maji ya moto sawasawa na wa kwanza, hayaishi. Kilowati 30 zinawatosha. Mngekuwa na bafu mbili zinazotumika kwa pamoja kila asubuhi ningeongea mengine.

Kuna kitu kingine wanachosahau kusema, gesi nayo inakuja kwa bomba. Boila kubwa inataka gesi nyingi kwa mkupuo mmoja, na nyumba nyingi za zamani zina bomba jembamba kutoka kwenye mita, kwahiyo ukipanda mpaka 40 mara nyingi bomba lote libadilishwe, sakafu ifunguliwe, na hiyo hela hukuambiwa mwanzoni. Muulize kila fundi: umeangalia bomba la gesi toka kwenye mita? Kama jibu ni tutaona siku ya kazi, huyo bado hajakupa bei.

Haya, redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji moto kupasha chumba. Nyumba kama yako, vyumba vitatu, madirisha ya vioo viwili, siku ya baridi kali kabisa inataka kilowati 6 mpaka 8 hivi kupata joto ndani, sio 30 wala 40. Siku za kawaida inataka nusu ya hapo. Ndo maana swali la maana kuliko "inapanda mpaka ngapi" ni "inashuka mpaka ngapi". Kuna boila za 30 zinazoweza kujipunguza mpaka kilowati 3, na kuna zingine zinagoma kushuka chini ya 7. Ile inayogoma itawaka dakika tatu, izime, iwake, izime, mchana kutwa, kama daladala kwenye foleni ya Ubungo, mafuta yanaisha na injini inachoka bila kufika popote. Na hata iliyo nzuri fundi anatakiwa aingie kwenye seti zake apunguze nguvu ya upande wa redieta ilingane na nyumba yako, ni kazi ya dakika chache, wengi hawaifanyi kwasababu hakuna mteja anayeijua. Sasa wewe unaijua.

Zile 1,100 utakazookoa, sehemu yake itumie kwenye kusafisha. Hapa naomba unisikilize vizuri maana hapa ndo ninapoona watu wetu wanaumia. Mwaka juzi niliitwa kwa mzee mmoja wa kwetu, boila ya miaka mitatu tu, imekufa. Nikafungua bomba la chini yakatoka maji meusi kama kahawa ya kibarazani. Ule ni uchafu wa chuma, redieta zinaoza kwa ndani miaka ishirini na kile kiporo kinakaa kwenye mabomba, ukifunga boila mpya bila kuosha unakimwaga chote kwenye njia nyembamba za ile mashine mpya. Waliomfungia walichomoa ya zamani asubuhi, mpya ikawa ukutani saa nane mchana, wakaondoka. Akapiga simu kudai waranti akaambiwa haipo, mfumo haukusafishwa na sevisi ya kila mwaka haikufanywa hata mara moja. Alilipa upya kutoka kwenye akiba aliyokuwa ameweka ya kwenda Umra. Niliumia sana siku ile.

Kwahiyo kwenye bei yako iandikwe kwa maneno: mfumo utaoshwa kwa dawa au kwa mashine, utawekwa filta ya sumaku kwenye bomba la kurudi, na dawa ya kuzuia kutu itatiwa mwisho. Yasipoandikwa ujue hayatafanyika. Na waranti usidanganyike na "miaka kumi" iliyoandikwa kwa rangi nyekundu, uliza masharti. Karibu zote zinataka boila iandikishwe mara tu baada ya kufungwa na isevisiwe kila mwaka bila kuruka, weka risiti zote kwenye bahasha moja, ukiruka mwaka mmoja umejitoa mwenyewe.

Kidhibiti cha joto nacho kimo kwenye bei, usikubali kulipishwa kama nyongeza. Kwa England tangu Aprili 2018 kila boila ya gesi inayofungwa lazima iwe na kidhibiti cha saa na cha joto la chumba, na ikiwa kombi lazima kuwe na kitu kimoja zaidi cha kuokoa gesi, mfano kidhibiti cha kisasa kinachojifunza nyumba yako au sensa inayosoma baridi ya nje na kuipunguza au kuiongeza boila yenyewe. Mimi kama una uchaguzi ningechukua ile sensa ya nje. Haina urembo wowote, haina apu ya kuonyesha wageni, ila inaendesha boila polepole na nyumba inakaa na joto la utulivu.

Na fundi akimaliza, kabla hajafunga sanduku lake la vifaa, mwambie ashushe joto la maji yanayokwenda kwenye redieta. Toka kiwandani nyingi zinakuja zimewekwa nyuzi 70 na kitu. Boila hizi za kisasa, ambazo ndo sheria ya England tangu Aprili 2005, zinaokoa gesi kwa kunyonya joto la mvuke unaotoka kwenye moshi, na mvuke hauwezi kugeuka maji mpaka yale maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Ukiiacha inachemka kwenye 75 umenunua boila ya kisasa na unaiendesha kama ya zamani. Weka 60, hata 55 kama nyumba inapata joto. Redieta hazitakuwa za kukuunguza mkono na bibi anaweza kulalamika kwamba zimepoa, mwelezee taratibu, chumba chenyewe kitakuwa na joto lilelile ila litachukua muda zaidi kufika.

Mwisho kwako, kadi. Kila anayegusa gesi lazima awe kwenye Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, ndo iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya CORGI tangu Aprili 2009. Kadi ina picha yake na namba ya leseni, igeuze nyuma usome kazi anazoruhusiwa, maana wengine wameruhusiwa jiko tu na boila hawajaruhusiwa. Usione aibu kuiomba, fundi wa kweli anaitoa kabla hujamaliza sentensi. Akishamaliza kazi inatakiwa iandikishwe ndani ya siku 30 na wewe upate cheti. Kitunze, siku mkitaka kuuza nyumba wakili ataulizia hicho cheti. Na kama mnalipa kwa mafungu uliza bei ya taslimu na bei ya mafungu zote mbili, muone riba ni kiasi gani kabla hamjaamua.

"Niondoe silinda?"

*Asalam aleikum. Mie ni mtu mzima wa Unguja, nipo Northampton mwaka wa thelathini sasa. Nyumba ina vyumba vine, bafu mbili, tangi darini na silinda la maji moto kwenye kabati la juu. Boila lenyewe lachakaa. Vijana wanasema niweke kombi nitoe takataka zote hizo, nipate na kabati. Bi mkubwa hataki, anasema maji ya udhu ya alfajiri yakichelewa ataugua. Nani mwenye haki?*

Waaleikum salaam mzee wangu, shikamoo. Bi mkubwa ana haki, na sio kwa udhu peke yake.

Tuanze na huo udhu lakini, maana ni swali la kiufundi kabisa na sijaona katalogi hata moja inalijibu. Mtu anatawadha mara tano, kila mara maji kidogo kidogo, anafungua anafunga. Kombi haipendi hivyo. Ukifungua bomba inabidi isikie maji yanapita, iwake, ipashe, halafu yasafiri mpaka bafuni, na kwa nyumba ya vyumba vine kama boila iko jikoni na bafu liko mwisho wa ukumbi wa juu inaweza kuwa nusu dakika au zaidi, lita kadhaa za maji baridi zimeshakwenda. Na ukifungua bomba kidogo sana nyingine haziwaki kabisa. Yani anamaliza kutawadha na maji baridi ndo ya moto yanafika. Kuna kombi zenye seti ya kujiweka tayari na joto, inasaidia, lakini inakula gesi kidogo kidogo usiku kucha. Silinda lako lina maji moto yanasubiri, anafungua kidogo anapata.

Halafu bafu mbili. Wajukuu wakija sikukuu wawili wanaoga kwa wakati mmoja, kombi itagawa zile lita kumi na mbili kwa watu wawili na wote watapiga kelele. Silinda haligawi hivyo, mpaka maji yake yaishe. Na jambo ambalo mimi naliweka mbele ya yote, silinda lina hita ya umeme ndani. Boila ikifa Ijumaa usiku katikati ya barafu mnawasha swichi mnaoga. Kombi ikifa mnarudi kwenye birika kama yule mama wa Leicester.

Ushauri wangu, boila ibadilishwe, silinda libaki au liwekwe jipya. Kama presha ya maji ya mtaani ni nzuri (pima na ndoo kama nilivyoeleza hapo juu) unaweza kuweka silinda la presha linalochukua maji moja kwa moja kutoka mtaani, lile tangi la darini linaondoka, na shawa zako zitakuwa na nguvu ambayo hujawahi kuiona ndani ya nyumba hiyo. Ila silinda la namna hiyo sio kazi ya kila fundi wa gesi, linataka mtu mwenye cheti cha G3, maana maji moto yaliyofungiwa kwa presha yakikosea ni hatari kubwa. Kama presha ya mtaa ni dhaifu acha tangi lako juu, libadilishiwe mfuniko na kufunikwa vizuri dhidi ya baridi, litaendelea miaka. Boila yako haitahitaji kuzidi kilowati 18 hivi kwasababu haipashi maji mbioni tena, inalijaza silinda taratibu. Maji ya silinda yafike nyuzi 60, usishushe hapo chini kwa ajili ya kubana matumizi, maji ya vuguvugu yaliyotulia yanaotesha bakteria wa legionela na hao wanashambulia mapafu.

"Kichwa kinaniuma nikiwa nyumbani tu"

*Mambo fundi, mi napanga chumba London mashariki, tuko watu watano nyumba moja. Boila iko jikoni, kubwa ya zamani, mwenye nyumba anasema nzima haina shida na anatafuta mpya kwa bei nzuri. Tangu baridi ianze kichwa kinauma kila jioni na mwenzangu anatapika, tukienda kazini tunapona. Tumeziba matundu yote ya upepo kwa mataulo. Swali langu, tumshauri anunue boila gani?*

Mdogo wangu, swali lako la boila gani tuliache kabisa. Ukisoma hapa fanya hivi sasa hivi: zima hiyo boila, fungua madirisha, toeni hayo mataulo, tokeni nje wote, halafu piga 0800 111 999, ni namba ya dharura ya gesi, bure, saa 24, watakuja. Halafu mkapime hospitali na muwaambie kwa maneno kwamba mnashuku moshi wa gesi, maana kipimo ni cha damu na wasipojua watawapa panadol.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, na unapona ukitoka nje, na mwenzako anaumwa vilevile, hiyo ni dalili ya kaboni monoksaidi mpaka ithibitishwe sio. Haina harufu, haina rangi, unalala nayo huamki. Boila za zamani zilizo wazi zinavuta hewa ya humohumo chumbani, yale matundu mliyoziba ndo pua zake, ukiziziba moto unakosa hewa na sumu inazaliwa. Ukiona moto wa njano badala ya bluu au masizi meusi kwenye ukuta karibu na boila, ndo hiyo.

Mwenye nyumba hana hiari hapa. Anatakiwa alete fundi wa Gas Safe kuangalia vifaa vya gesi kila baada ya miezi 12 na nyinyi mpewe nakala ya cheti ndani ya siku 28. Na kwa England tangu tarehe 1 Oktoba 2022 lazima aweke kengele ya kaboni monoksaidi kwenye kila chumba kinachotumika chenye kifaa cha kuchoma kilichofungwa, boila ikiwemo. Kutengeneza mfumo wa joto na maji moto ni jukumu lake kisheria, hawezi kuwaambia mchange. Akisumbua nendeni kaunsili, idara ya afya ya mazingira. Najua wengine mnaogopa kusema kwasababu ya makaratasi au mnaogopa kutolewa. Piga simu ya dharura hata hivyo, wanachokuja kuangalia ni gesi.

Na hapohapo niwaambie wote, naona majumbani kwetu: jiko la mkaa linaingizwa ndani baada ya nyama choma ili litoe joto, au chetezo cha ubani kinawekwa makaa mengi chumbani madirisha yamefungwa kwasababu ya baridi. Mkaa unatoa sumu ileile, na nyingi kuliko boila isiyo na hitilafu. Kule kwetu nyumba ina upepo juu ya dari, huku nyumba zimezibwa kama chupa. Fukizeni, lakini dirisha liwe wazi na makaa yatoke nje yakiwa bado yanawaka, yasilale ndani. Kengele yenyewe inauzwa pauni 15 mpaka 25, nunua hata kama mwenye nyumba hajaleta.

"Moshi mweupe na ngurumo"

*Boila yetu mpya inatoa moshi mweupe nje, jirani kalalamika. Na juzi barafu ilipokuwa kali ikaanza kunguruma kama tumbo halafu ikazima. Tumeuziwa mbovu? (Msomaji, Sheffield)*

Hamjauziwa mbovu. Ule weupe ni mvuke wa maji, ndo dalili kwamba boila inafanya kazi yake ya kunyonya joto. Kama unampiga jirani usoni kuna kipande cha kugeuza mdomo wa bomba la moshi, fundi wa Gas Safe akifunge. Ngurumo ni ule mvuke uliogeuka maji, unatoka kwa bomba la plastiki mpaka nje, na bomba likiwa jembamba linaganda. Mwagia maji ya vuguvugu juu ya bomba kwa nje, yasiwe yanayochemka, halafu washa upya. Ila aliyewafungia arudi, kipande cha nje kinatakiwa kiwe kinene, milimita 32, kifupi na kivalishwe sponji. Wengine mnaofunga sasa hivi ombeni bomba hilo liishie ndani kwenye mfereji wa sinki, tatizo hili hamtalijua.

"Au niachane na gesi?"

*Fundi, naona serikali inatoa hela ya pampu ya joto. Boila yangu ina miaka 14 ila bado inatembea. Nisubiri ife au nihame? (Baba wawili, Reading)*

Ndugu yangu, swali zuri na umeliuliza wakati mzuri, boila ikiwa hai. Aliyefiwa na boila mwezi wa kwanza hana muda wa kufikiri, atafunga chochote kitakachopatikana kesho.

Kwa England na Wales ipo Boiler Upgrade Scheme, inakatwa pauni 7,500 kwenye bei ya pampu ya joto, tangu Oktoba 2023, zamani ilikuwa 5,000. Hela hupewi mkononi, anaomba yule anayefunga na lazima awe na cheti cha MCS. Pampu inavuta joto la hewa ya nje, kwa yuniti moja ya umeme inakupa kama tatu za joto ikifungwa vizuri. Lakini yuniti ya umeme huku ni karibu mara nne ya gesi, kwahiyo bili usitegemee itashuka sana, inaweza kuwa sawa au kupanda kidogo, inategemea mkataba wako wa umeme na mikono ya aliyefunga. Inataka silinda, kwahiyo kama unalo usilitoe. Na inataka redieta kubwa zaidi maana maji yake ni ya nyuzi 40 na kitu.

Jaribio la bure: wiki ya baridi kali shusha boila yako iwe nyuzi 50, iache iwake muda mrefu. Nyumba ikibaki na joto zuri, uko karibu sana kuwa tayari kwa pampu. Vyumba vikipoa, andika ni vipi, hizo ndo redieta za kubadilisha kwanza, au ndo dari ya kuongeza sufi ya kuzuia joto. Usipofanya lingine lolote mwaka huu hiyo ya dari ifanye, inasaidia boila ya aina yoyote.

"Nitume boila kwenye kontena?"

*Shikamoo. Nastaafu mwakani, najenga Lushoto, baridi yake unaijua. Nabadilisha boila yangu ya hapa Slough, ya zamani bado inawaka. Nina nafasi kwenye kontena, niitume na redieta zake nifunge kule?*

Marahaba, na hongera kwa kujenga. Usiitume. Boila hiyo imetengenezwa kwa gesi ya bomba ya mtaani, Lushoto utakuwa na mtungi, na kuigeuza kunataka vifaa vya kampuni ileile na fundi mwenye kipimo cha moshi. Ikiharibika valvu moja utaagiza Uingereza. Na baridi ya Lushoto ni ya asubuhi na usiku, miezi michache, haihitaji redieta kila chumba. Funga hita ya jua ya maji juu ya paa yenye tangi la lita 200 na kihita cha umeme cha akiba kwa siku za ukungu, mafundi wake wapo Tanga na Arusha. Jenga sebule yenye dohani na meko ya kuni, dari iwe na sufi, madirisha yafunge vizuri, na mwambie fundi mwashi vyumba vya kulala vitazame upande jua linapochomoza.

Ile nafasi kwenye kontena weka bomba za shaba na koki nzuri, hizo kule ni ghali na utazihitaji. Boila ya zamani mwachie anayekufungia mpya aondoke nayo, hakikisha tu gharama ya kuitoa imo kwenye bei yake.